Wi-Fi imetoweka baada ya kuweka Windows upya: kadi haijaungua

Msomaji ameniandikia hivi: "Nilifuta diski yote nikaweka Windows 10 upya kwenye laptopu yangu kwa flashi. Kabla ya hapo mtandao ulikuwa safi, na simu yangu mpaka leo inashika Wi-Fi ileile ya nyumbani. Sasa kwenye laptopu alama ya Wi-Fi haipo kabisa, pale chini kimebaki kitufe cha tufe. Nikaipeleka kazini nikachomeka waya, ikaandika mtandao usiotambulika na intaneti hakuna. Nimeandika amri zote za netsh na ipconfig nilizoelekezwa, nimezima na kuwasha ruta mara kumi. Fundi anasema kadi ya mtandao imeungua, ninunue nyingine. Ni kweli?"

Usinunue kitu kwanza. Nikisoma maelezo yako naona matatizo mawili tofauti yaliyokutana kwenye mashine moja, moja la nyumbani na jingine la kazini, na hakuna hata moja linalonionyesha kadi iliyoungua. Ingekuwa bahati mbaya ya ajabu kadi ife siku ileile uliyobadilisha Windows.

Nianze na zile amri, maana naona zimekumalizia muda. Amri ya netsh winsock reset na ndugu zake kazi yake ni kufuta mipangilio ya mtandao iliyovurugwa, pengine na antivirusi iliyoondolewa vibaya, programu ya VPN au virusi, na kuirudisha ilivyokuwa siku Windows ilipowekwa. Sasa Windows yako imewekwa juzi. Hali unayotaka kuirudisha ndiyo hiyo uliyo nayo. Unatwanga maji kwenye kinu. Amri hizo ni nzuri kwa kompyuta iliyotumika miaka mitatu na kujaa takataka, ila kompyuta iliyowekewa mfumo mpya huwa na shida ya kinyume chake: kuna kitu imepungukiwa. Kwa hiyo achana na swali la nini kimeharibika. Jiulize Windows ya zamani ilikuwa na nini ambacho hii mpya haina. Nyumbani jibu ni draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa. Kazini, nahisi jibu ni namba chache ambazo mtu alizichapa kwa mkono zamani na wewe ukazifuta pamoja na diski bila kujua kuwa zipo.

Tuanze na nyumbani.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika devmgmt.msc, kisha Enter. Itafunguka orodha ya vifaa vyote ambavyo Windows inaviona. Angalia kundi la Network adapters na lile la Other devices. Ninachotarajia ukikute ni hiki: kwenye Network adapters ipo kadi ya waya (ndiyo maana kazini laptopu ilijua kwamba umechomeka kitu), lakini ya Wi-Fi haipo. Ukishuka kwenye Other devices utakuta kitu kinaitwa Network Controller, kina pembetatu ya njano yenye alama ya mshangao. Kibofye mara mbili. Kwenye maelezo utaona msimbo, na kwa hali yako nadhani ni 28, maana yake kifaa kipo lakini draiva yake haijawekwa. Ukikuta 22, kuna aliyekizima, kiwashe hapohapo. Ukikuta 10, draiva ipo ila kifaa kimegoma kuanza, hiyo nitairudia.

Usifunge dirisha hilo. Nenda kwenye kichupo cha Details, na kwenye kisanduku cha kuchagua tafuta Hardware Ids. Utaona mistari kadhaa inayoanza namna hii:

PCI\VEN_8086&DEV_2723

Mstari huu ndio wenye thamani kuliko yote utakayosoma leo, kwa sababu hapa kadi inajitambulisha kwa jina. Herufi na namba zinazofuata VEN ni za mtengenezaji, zinazofuata DEV ni za modeli. 8086 ni Intel (ndiyo, namba ileile ya prosesa yao ya mwaka 1978), 10EC ni Realtek, 14E4 ni Broadcom, 168C ni Qualcomm Atheros, 14C3 ni MediaTek. Huo mfano wangu wa 2723 ni kadi ya Intel Wi-Fi 6 AX200. Piga picha mstari wako kwa simu.

Na hapo ndipo ninapotofautiana na fundi wako. Windows haina namna ya kubuni namba hizo. Imeiuliza kadi, na kadi ikajibu. Maiti haitaji jina lake. Inawezekana kadi ikajibu na bado redio yake ikawa na hitilafu, lakini hilo ni nadra, na halisemwi kabla draiva haijawekwa. Aliyesema imeungua bila kufungua orodha hii amebahatisha.

Kwa nini Windows ya zamani ilikuwa na draiva na hii haina? Kwa sababu ile huenda ilikuja na laptopu ikiwa imeshawekewa kila kitu na mtengenezaji. Hii ya flashi ina draiva za vifaa vilivyojulikana siku faili lake lilipofungwa, na si vyote. Kadi iliyotoka baadaye, au isiyotumiwa na wengi, haimo. Simu yako inashika Wi-Fi ileile kwa kuwa ruta haina kosa, kwa hiyo iache ipumzike.

Sasa tunafika kwenye kichekesho cha kazi hii: draiva ya mtandao iko kwenye mtandao. Njia ya kwanza ninayotumia mimi ni simu ya Android na waya wake. Chomeka simu kwenye laptopu, ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya hotspoti, washa kugawa mtandao kwa USB. Windows 10 na 11 huitambua simu kama kadi ya mtandao bila kuongezewa chochote, na baada ya sekunde chache laptopu inakuwa na intaneti kupitia simu. Simu yenyewe inaweza kuwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani, kwa hiyo si lazima utumie bando. Kama kitufe hicho cha kugawa kwa USB kimefifia na hakibonyezeki, badilisha waya. Nyaya nyingi za kuchajia zinapitisha umeme tu, hazipitishi data, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ukitumia bando, weka kwanza mtandao huo kuwa wa kupimwa (Metered connection) kwenye mipangilio ya Windows, la sivyo Windows mpya itaanza kushusha masasisho yake na bando lako litaisha kabla hujafungua hata ukurasa mmoja.

Ukishapata intaneti ya simu, fungua Windows Update na uangalie pia masasisho ya hiari. Mara nyingi draiva inakuja yenyewe hapo, unawasha upya, kazi imekwisha. Microsoft iliacha kuitolea Windows 10 masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, lakini draiva za kadi zilizozoeleka bado unazikuta.

Isipokuja, nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, uingize namba ya mashine iliyobandikwa chini yake, na ushushe draiva ya Wi-Fi ya Windows yako. Hapo wengi hujikwaa: modeli moja ya laptopu hutoka kiwandani na kadi za aina mbili au tatu, kwa hiyo ukurasa utakuonyesha draiva ya Intel, ya Realtek na ya MediaTek kwa pamoja. Usiziweke zote ukitumaini moja itashika. Angalia picha yako ya VEN, chukua moja. Kama huna simu ya kugawa, shusha faili hilo kwa kompyuta nyingine ulilete kwa flashi. Likiwa limebanwa kwenye zipu, lifungue, rudi kwenye ile pembetatu ya njano, chagua kusasisha draiva kwa kutafuta kwenye kompyuta, uionyeshe folda hiyo.

Programu zinazojinadi kwamba zitakutafutia draiva zote kwa mbofyo mmoja sizitaki karibu na mashine yangu. Nimeshasafisha kompyuta nyingi mno zilizoingizwa matangazo na uchafu kwa njia hiyo, na draiva iliyowekwa mara nyingi si yake.

Kwa wengine wanaosoma hapa ambao hawakufuta diski, yaani waliweka Windows mpya juu ya ya zamani: msihangaike hivyo. Kwenye diski C kuna folda ya Windows.old, na ndani yake, ukipitia Windows, System32, DriverStore mpaka FileRepository, draiva zenu zote za zamani zimelala. Ionyesheni Windows folda hiyo wakati wa kusasisha draiva. Ila fanyeni mapema, maana kwa kawaida Windows.old hufutwa yenyewe baada ya siku 10. Na kama mtu bado hajafuta, aandike kwanza pnputil /export-driver * D:\draiva kwenye dirisha la amri (cmd) la msimamizi, folda hiyo ikiwa imeshatengenezwa kwenye flashi au diski nyingine. Draiva zilizoongezwa kwenye mashine yake zitanakiliwa huko.

Nilisema nitarudi kwenye msimbo 10. Kadi za Wi-Fi, hasa za Intel, wakati mwingine huganda katika hali ambayo kuwasha upya hakuiondoi, kwa kuwa umeme haukatiki kabisa. Hata kuzima kwa kawaida kwenye Windows 10 si kuzima kamili. Sehemu ya mfumo huhifadhiwa ili kesho iwake haraka. Andika shutdown /s /t 0, subiri izime, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, kisha washa. Ukimfanyia mtu hivi mbele yake atadhani ni uganga, lakini nimeona kadi zilizotangazwa kufa zikirudi.

Na kama kwenye orodha hakuna kadi ya Wi-Fi wala pembetatu yoyote ya njano? Hapo ndipo naanza kushuku kifaa chenyewe, ila bado kwa utaratibu. Ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe inayofunguka kabla Windows haijawaka, uone kama Wi-Fi haijazimwa huko. Kagua pia kingo za laptopu. Niliwahi kukaa na laptopu moja ya zamani asubuhi nzima, nikabadilisha draiva tatu, nikaifungua nikachomoa kadi nikaisafisha nikairudisha. Mwenyewe alipokuja kuichukua akapitisha kidole ukingo wa mbele, akasukuma kiswichi kidogo cheusi kwenye plastiki nyeusi, taa ikageuka kutoka rangi ya chungwa hadi bluu. Hakusema kitu. Tangu siku hiyo napapasa kingo kwanza.

Ukitaka ushahidi wa kumaliza ubishi na fundi, tengeneza flashi ya Ubuntu, ambao ni mfumo wa Linux unaotumika badala ya Windows, washa laptopu kwa flashi hiyo na uchague kuijaribu bila kuiweka. Hakuna kinachoguswa kwenye diski yako. Wi-Fi ikishika humo, kadi ni nzima na mjadala umefungwa. Isiposhika si hukumu bado, kwa kuwa kuna kadi, hasa za Broadcom, ambazo Linux nayo huzihitajia nyongeza.

Haya, twende kazini. Hapo kadi ya waya inafanya kazi, draiva ipo, waya una uhai; vinginevyo ungeandikiwa kwamba waya haujachomekwa. Fungua dirisha la amri uandike ipconfig /all, utafute anwani ya IPv4 ya kadi ya waya. Nadhani inaanza na 169.254.

Anwani hiyo inaeleza mengi. Kompyuta ikichomekwa kwenye mtandao huita: yupo anayegawa anwani hapa? Ruta au seva inayotoa huduma ya DHCP hujibu na kuipa anwani, njia ya kutokea nje na mahali pa kuulizia majina ya tovuti. Asipojibu mtu, Windows hujipa yenyewe anwani ya 169.254, kisha hurudia kuita kila baada ya dakika 5. Kwa anwani hiyo haitoki nje ya chumba. Kwa hiyo kompyuta yako imeita na haikujibiwa.

Sasa muulize jirani yako wa mezani akuruhusu uandike ipconfig /all kwenye kompyuta yake, utafute mstari wa DHCP Enabled. Ukikuta No, nimekupatia ugonjwa: ofisi yenu haigawi anwani, kila mashine imechapiwa ya kwake kwa mkono. Yako ilichapwa na mtu aliyeiunganisha mwanzoni, ikakaa kimya miaka yote, ikafutika na diski. Mwendee anayesimamia mtandao, mwombe vitu vinne: anwani ya IP, barakoa ya mtandao (Subnet mask), lango (Default gateway, ile njia ya kutokea nje), na anwani za DNS (pale pa kuulizia majina ya tovuti). Vitafanana na 192.168.10.57, 255.255.255.0 na 192.168.10.1, na DNS inaweza kuwa ileile ya lango au nyingine. Vichape kwa kuandika ncpa.cpl kwenye kile kisanduku cha Windows na R, ubofye kadi ya waya kwa kitufe cha kulia, uingie Properties, kisha Internet Protocol Version 4.

Tafadhali usinakili anwani ya jirani ukabadilisha namba ya mwisho kwa kukisia. Ukiangukia namba ya printa au ya seva, mtakuwa wawili wenye anwani moja, na kuanzia hapo ofisi nzima itakuwa inapata mtandao na kuukosa bila mpangilio. Kumtafuta mwenye kosa hapo ni kazi ya siku nzima, na mwenye kosa ni wewe.

Mipangilio hii ya kadi ya waya haitagusa Wi-Fi ya nyumbani, kila kadi ina yake. Lakini kama huwa unachomeka waya na nyumbani pia, acha kadi ipokee anwani yenyewe, uchape zile za ofisi kwenye kichupo cha Alternate Configuration. Nyumbani itapewa na ruta. Kazini itaita, ikikosa jibu itachukua hizo ulizoandika. Huchelewa kidogo kushika, basi.

Kwa jirani ukikuta Yes, hadithi ni nyingine: DHCP ipo, wewe ndiye hujibiwi. Kwanza mchomolee waya wake kwa ruhusa yake, uujaribu kwako. Ukifanya kazi, waya wako au tundu lako la ukutani ndilo lenye shida. Usipofanya kazi, huenda mtandao wenu unadai kompyuta ijitambulishe kwa cheti au kwa akaunti ya ofisi kabla ya kuruhusiwa, na cheti hicho nacho ulikifuta. Hilo huwezi kulitatua peke yako, ni la msimamizi.

Kuna mtego mmoja unaoweza kukukuta baada ya yote haya: umeunganishwa, anwani ni nzuri, lakini tovuti hazifunguki. Angalia saa na tarehe kabla ya kitu kingine. Betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mama ikichoka, kompyuta iliyokaa bila umeme huamka ikiwa na tarehe ya miaka ya nyuma, na kivinjari kitakataa karibu kila tovuti kikidai cheti chake si halali. Ukiona maonyo ya vyeti kwenye tovuti zote kwa mpigo, tovuti hazina kosa. Rekebisha saa kwa mkono, usisubiri Windows, kwa sababu saa ikipotea kupita kiasi mara nyingi huiacha ilivyo.

Saa ikiwa sawa, andika ping 1.1.1.1, amri inayoiita seva iliyo nje kwenye intaneti na kusubiri ijibu. Ikijibu, njia ya kwenda nje ipo, kinachokosekana ni majina: DNS uliyochapa ina kosa, irudie namba kwa namba. Isipojibu, jaribu ping kwa anwani ya lango. Nalo lisipojibu, rudi kwenye zile namba nne, kuna tarakimu imepinda, ingawa yapo malango yaliyozuiwa kujibu ping, kwa hiyo hakiki kwanza kwenye mashine ya jirani.

Ukiamua hata hivyo kununua kidude cha Wi-Fi cha USB, jua mambo mawili. Nacho kinahitaji draiva. Vingine, ukivichomeka mara ya kwanza, hujionyesha kama diski ndogo yenye draiva ndani, na watu huvirudisha dukani wakisema wameuziwa flashi. La pili, kina anwani yake ya MAC, yaani namba ya utambulisho ambayo kila kadi ya mtandao hutoka nayo kiwandani. Kama ruta ya nyumbani imewekewa orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa, kitakataliwa hata nywila ikiwa sahihi, mpaka ukiandikishe. Kadi yako ya sasa haina tatizo hilo, maana anwani yake imechongwa ndani yake na haikuguswa ulipofuta diski.

Kwa hiyo leo fanya mawili tu: ile picha ya mstari wa VEN na DEV nyumbani, na ule mstari wa DHCP kwa jirani kazini. Ukikwama, niandikie ukiwa navyo vyote viwili, pamoja na msimbo uliouona kwenye pembetatu ya njano.